Mafuta ya nguruwe: namba za nyama mbichi na namba za kwenye kopo

Mwaka 2018 BBC ilichapisha orodha ya vyakula 100 vyenye lishe kubwa zaidi, na mafuta ya nguruwe yakashika nafasi ya nane. Orodha hiyo bado inazunguka kwenye simu za watu, na kila inapozunguka inapungua maelezo na kuongezwa chumvi. Ikishafika Kampala au Mbarara inakuwa imegeuka ushauri wa kupikia: acha mafuta ya chupa, yeyusha ya nguruwe, utapata vitamini B, madini na vitamini D ya kutosha.

Anayeisoma kwa makini anakutana na namba moja inayoharibu hadithi yote. Orodha inasema gramu 100 zina kilokalori 632. Hakuna mafuta safi duniani yenye kilokalori 632. Mafuta safi, yawe ya alizeti, ya mawese au ya nguruwe, yanakaribia 900. Kinachozungumzwa pale ni shahamu mbichi iliyokatwa kutoka kwenye nyama, ikiwa bado na maji yake, nyuzi zake na vipande vya nyama vilivyong'ang'ania. Vitamini B na madini yanayosifiwa yamo kwenye maji na nyuzi hizo. Ukiyeyusha shahamu na kuichuja, vitu hivyo haviingii kwenye kopo, kwa sababu haviyeyuki kwenye mafuta. Vinabaki kwenye makapi au vinapotea kwenye moto.

Kwa hiyo ni lazima tutenganishe vitu vitatu ambavyo watu huviita kwa jina moja. Kwanza, shahamu mbichi ya buchani. Pili, mafuta yaliyoyeyushwa na kuchujwa yakawa meupe kwenye kopo. Tatu, yale yanayobaki kwenye karai baada ya kukaanga nyama ya nguruwe na vitunguu, chumvi na viungo. Haya ya tatu yana maji, chumvi na chembe zilizoungua, hayana namba inayoaminika, na yanaharibika haraka. Makala hii inahusu hasa yale ya pili.

Namba zenyewe

Kwa takwimu za Wizara ya Kilimo ya Marekani, gramu 100 za mafuta ya nguruwe yaliyoyeyushwa zina kilokalori 902. Protini hakuna, wanga hakuna, nyuzi hakuna, chumvi hakuna. Mafuta yaliyoshiba ni gramu 39. Yasiyoshiba yako makundi mawili: mono gramu 45, na poli gramu 11. Lehemu, yaani kolesteroli, ni miligramu 95. Ukijumlisha makundi yale matatu utapata 95 na utajiuliza gramu 5 zimekwenda wapi: sehemu kubwa ni gliseroli, ile inayozishikilia asidi mafuta pamoja.

Watu wengi hushangaa kusikia kwamba kundi kubwa zaidi humo si lile lililoshiba. Asidi inayoongoza ni oleiki, takriban gramu 41, ileile inayoongoza kwenye mafuta ya zeituni na ya parachichi. Inafuata palmitiki, gramu 24, kisha steariki, gramu 13 na nusu. Linoleiki ni kama gramu 10, lakini hii ndiyo inayobadilika sana kufuatana na chakula cha nguruwe, na tutairudia.

Tofauti kati ya palmitiki na steariki ina maana kwa mwenye moyo wa kuutunza. Zote mbili zimeshiba, lakini palmitiki hupandisha kolesteroli mbaya kwenye damu, wakati steariki karibu haina athari hiyo. Ndiyo maana kuyahukumu mafuta kwa namba moja ya "yaliyoshiba" kunaficha mambo, ingawa ndiyo namba pekee inayoandikwa kwenye lebo.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi mara nyingi. Kila molekuli ya mafuta ina gliseroli yenye nafasi tatu, na kila nafasi inabeba asidi moja. Kwenye mawese, palmitiki hukaa zaidi kwenye nafasi za pembeni. Kwenye mafuta ya nguruwe hukaa zaidi nafasi ya katikati, kama ilivyo kwenye maziwa ya mama. Vimeng'enya vya tumboni hukata za pembeni kwanza. Palmitiki iliyokatwa ikikutana na kalisi huganda na sehemu yake hutoka na choo, lakini ile ya katikati hubaki imeshikamana na gliseroli na hufyonzwa vizuri. Maana yake mafuta haya husagika vizuri, na nishati yake karibu yote inaingia mwilini. Kwa mtoto mwenye uzito mdogo hiyo ni faida. Kwa mtu mzima anayekaa ofisini kutwa, si habari njema sana.

Kijiko kimoja ni kipi?

Kijiko kikubwa cha kusawazisha kina gramu 13 hivi: kilokalori 115, mafuta yaliyoshiba gramu 5, kolesteroli miligramu 12. Yai moja kubwa lina kolesteroli karibu miligramu 186, kwa hiyo kama wasiwasi wako ni kolesteroli ya kwenye chakula, kijiko hicho si adui wa kwanza.

Wasiwasi wenye msingi ni mafuta yaliyoshiba. Shirika la Afya Duniani linapendekeza yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu anayekula kilokalori 2,000, hiyo ni gramu 22. Vijiko vinne vya kusawazisha vinakupa 20, na hujanywa chai ya maziwa, hujala nyama, hujagusa chapati.

Nimeandika "kusawazisha" makusudi. Mafuta ya maji hayawezi kulundikana kwenye kijiko, yakizidi yanamwagika. Mafuta ya nguruwe yaliyoganda yanapanda kilima. Kijiko kilicholundikwa kinafika gramu 20 hadi 25 bila mtu kutambua, na hapo ndipo hesabu za watu wengi zinapokosewa: wanabadilisha "kijiko kwa kijiko" na kumbe wanatia karibu mara mbili. Pitisha mgongo wa kisu juu ya kijiko, au pima kwa mizani. Njia nyingine nzuri ni kupima kopo zima Jumatatu asubuhi na kulipima tena Jumatatu inayofuata, kisha ugawe tofauti kwa siku 7 na kwa idadi ya watu wanaokula nyumbani.

Ukiyaweka karibu na mafuta mengine ya Uganda

Mawese, yale ya Kalangala na yanayoagizwa nje, ndiyo yamejaa kwenye madumu na chupa za madukani. Yana mafuta yaliyoshiba gramu 49 kwa kila 100. Kwa kipimo hicho mafuta ya nguruwe yanayashinda kwa gramu 10. Lakini mawese hayana kolesteroli, na yale mekundu ambayo hayajasafishwa yana karotini ambayo mwili huigeuza vitamini A. Ya nguruwe hayana hata chembe ya karotini.

Samli ya Ankole inazidi yote: karibu gramu 62 za yaliyoshiba na kolesteroli zaidi ya miligramu 250. Anayekuambia mafuta ya nguruwe ni sumu huku akichovya viazi kwenye eshabwe, ule mchuzi wa samli, mwonyeshe namba hizo. (Na usijaribu kutengeneza eshabwe kwa mafuta ya nguruwe. Ladha itakataa, na wenyeji watakataa zaidi.) Mafuta ya ng'ombe yana gramu 50 za yaliyoshiba, na poli gramu 4 tu.

Upande wa pili yapo alizeti, yenye gramu 10 tu za yaliyoshiba na zaidi ya 60 za poli, na simsim, yenye 14 ya yaliyoshiba na iliyobaki ikigawanyika karibu sawa kati ya mono na poli. Moo yaa ya Acholi na Lango, yaani mafuta ya shea, ina steariki nyingi, na zaidi ya nusu yake ni oleiki.

Kwa hiyo mafuta ya nguruwe yanakaa katikati. Ni mepesi kwa moyo kuliko samli na mafuta ya ng'ombe, yanakaribiana na mawese, na ni mazito kwa moyo kuliko alizeti au simsim. Daktari akikuambia kolesteroli mbaya imepanda, kuhama kutoka alizeti kwenda mafuta ya nguruwe ni kurudi nyuma. Kuhama kutoka samli kuja kwake ni hatua mbele, ingawa fupi.

Yanapata ushindi wa wazi dhidi ya mafuta mazito ya kiwandani yaliyogandishwa kwa haidrojeni nusunusu. Hayo huwa na mafuta ya transi, ambayo hupandisha kolesteroli mbaya na kushusha nzuri kwa wakati mmoja. Mafuta ya nguruwe uliyoyeyusha nyumbani karibu hayana transi. Lakini ukiyaona supamaketi kwenye paketi kutoka nje, soma lebo: baadhi ya viwanda hutia haidrojeni hata kwenye mafuta ya nguruwe ili yagande vizuri rafuni.

Vitamini: D kidogo, E kidogo, A hakuna

Kuna dai linalorudiwa kila mahali kwamba kijiko kimoja kikubwa kina yuniti 1,000 za vitamini D. Takwimu zile za Marekani zinasema gramu 100 zina yuniti 102. Kijiko basi kina yuniti 13. Mtu mzima anahitaji 600 kwa siku. Ili uzipate kwa mafuta haya ungekula zaidi ya nusu kilo. Ni kweli kwamba nguruwe hutengeneza vitamini D ngozini akipigwa na jua, na kwamba aliyefungwa kamba shambani Masaka atakuwa nayo nyingi kuliko aliyekaa bandani maisha yake yote. Lakini hakuna anayepima kopo lako, na wewe mwenyewe unaishi karibu na ikweta. Toka nje.

Vitamini E ni miligramu 0.6 kwa gramu 100. Alizeti ina 41. Hii ina matokeo mawili: la kwanza la lishe, la pili la ghala. Vitamini E ndiyo mlinzi wa mafuta dhidi ya kuchacha, kwa hiyo mafuta ya nguruwe huchacha upesi kuliko mtu anavyotarajia kwa kitu kigumu cheupe.

Vitamini A ndiyo ya kutiliwa mkazo nchini Uganda. Sheria inavitaka viwanda viongeze vitamini A kwenye mafuta ya kupikia. Familia nyingi zinapata sehemu ya vitamini A yao kwenye mafuta ya chupa bila kujua. Ukiacha hayo na kupika kwa mafuta ya nguruwe peke yake, umeondoa chanzo hicho, na hakuna kitu kwenye kopo kinachokiziba. Kiziba kwa mboga: dodo, nakati, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, papai, maini mara mojamoja. Hapo mafuta yanasaidia kweli, kwa sababu karotini ya mboga haifyonzwi bila mafuta. Gramu 3 hadi 5 kwa mlo zinatosha, yaani kijiko cha chai kimoja kwa mtu. Zaidi ya hapo unaongeza nishati tu.

Lishe inaanza kwa nguruwe

Ng'ombe hugeuza mafuta ya majani tumboni kabla ya kuyahifadhi. Nguruwe hana tumbo la namna hiyo. Anachokula ndicho kinachoingia kwenye shahamu yake karibu kama kilivyo. Aliyenenepeshwa kwa pumba za mahindi kwa wingi anakuwa na linoleiki nyingi, shahamu laini isiyoganda vizuri na inayochacha mapema. Aliyelishwa maganda ya mihogo, majani ya viazi na wanga mwingine hutengeneza mafuta yake mwenyewe kutoka kwenye wanga huo, na hayo huwa magumu zaidi, meupe zaidi.

Mukene, wale dagaa wa ziwani, ni kisa cha peke yake. Ni protini nzuri kwa nguruwe anayekua, lakini mafuta ya samaki yanaingia moja kwa moja kwenye shahamu. Yana omega-3, sawa, ila mafuta hayo ukiyapasha moto jikoni yananuka samaki na chapati zako zitanuka samaki. Mfugaji mwangalifu humwondolea nguruwe mukene mwezi mmoja hivi kabla ya kuchinja.

Jambo jingine ni dume asiyehasiwa. Harufu yake kali inatokana na vitu viwili, androstenoni na skatoli, na vyote viwili huhifadhiwa kwenye shahamu. Ikiwa baridi buchani huisikii. Ikipata moto, nyumba nzima inajua. Kuyeyusha, kuchuja au kutia limau hakuiondoi. Kabla ya kununua kilo tatu, omba kipande kidogo cha ukubwa wa kidole, kiunguze kwa kiberiti hapohapo, unuse. Muuza nyama anayekataa jaribio hilo amekwisha kukujibu.

Kisha chagua sehemu. Shahamu inayozunguka figo ndiyo bora: gramu 100 zake zina mafuta 94, na maji hayazidi 4. Ni kavu, inavunjika kwa mkono, haina harufu, na mafuta yake huganda imara. Ya mgongoni, chini ya ngozi, ina mafuta 89 na ni laini zaidi kwa sababu ina mafuta yasiyoshiba mengi kidogo. Inafaa kukaangia. Ule utando wa kwenye matumbo uache, harufu yake haiishi.

Kuyeyusha bila kuharibu

Kwa kilo 1 ya shahamu unahitaji sufuria nzito ya aluminiamu au chuma cha pua, maji nusu kikombe (mililita 120), kitambaa safi cha pamba na chupa za kioo zilizokauka kabisa. Usitumie chombo cha shaba. Shaba huchochea mafuta kuchacha.

Ondoa ngozi, damu, na kila kipande cha nyama. Nyama huungua kabla shahamu haijamaliza kuyeyuka, na ndiyo inayoleta rangi ya kahawia na ladha ya choma kwenye mafuta yanayotakiwa yawe hayana ladha. Ukiwa na friji, igandishe shahamu saa moja ili ikatike bila kuteleza. Kata vipande vya sentimita 1. Vipande vikubwa hutoa mafuta nje na kubaki na mengine ndani.

Tia maji, tia shahamu, weka moto mdogo. Kwenye sigiri maana yake ni makaa yaliyokwisha kufunikwa na majivu, tena machache. Kazi ya maji ni kuzuia vipande vya chini visiungue kabla mafuta hayajaanza kutoka. Maadamu kuna maji, joto linabaki karibu na nyuzi 100 na kazi ni rahisi: koroga kila dakika 10, usifunike. Utasikia mchemko wa mfululizo na kuona mapovu makubwa. Baada ya saa moja hadi saa moja na nusu mapovu yanakuwa madogo na sauti inafifia. Hapo maji yamekaribia kwisha, na huo ndio wakati wa hatari, kwa sababu joto sasa linapanda haraka bila breki. Punguza makaa, simama hapohapo. Makapi yakiwa na rangi ya dhahabu hafifu na yakaanza kuzama, epua. Usingoje yawe kahawia ili upate kijiko kimoja zaidi cha mafuta. Utaharibu kopo zima kwa tamaa ya kijiko.

Acha yapoe dakika 10 hadi 15, chuja kwa kitambaa kilichokunjwa mara mbili, na usikikamue. Kukamua kunapitisha vumbi la nyama. Kwa kawaida kilo moja ya shahamu ya figo inatoa gramu 750 hadi 850 za mafuta. Yakiwa ya moto ni ya njano angavu unayoweza kuona hadi chini ya chupa. Yakiganda ni meupe. Usimimine ya moto kwenye chupa ya maji ya plastiki au kavera. Vinalegea na kupasuka, na mtu anaungua.

Makapi yasitupwe. Protini iliyokuwa kwenye shahamu iko humo. Yatie chumvi, kula na posho au muhogo, ila ukumbuke bado yamelowa mafuta.

Yanayoharibika, mara nyingi yanaharibika kwa sababu hizi. Yakinuka uchachu baada ya wiki mbili tatu, maji yalibaki: maji huvunja mafuta na kuachia asidi huru, na juu yake ukungu hupata pa kuota. Jaribu kijiko kimoja kwenye kikaango. Yakiruka na kupiga kelele, yarudishe motoni polepole mpaka yatulie. Yakinuka kama rangi ya zamani, ni hewa na mwanga: chupa ilikuwa nusu tupu au ilikaa dirishani. Tumia chupa ndogo zilizojazwa hadi shingoni. Yakiwa na punje kama semolina, hayajaharibika, yamepoa polepole tu. Ukitaka laini, weka chupa kwenye maji baridi na ukoroge yanapoanza kuganda.

Na usihifadhi vipande vya nyama au vitunguu saumu ndani ya mafuta kwenye joto la chumba. Chini ya mafuta hakuna hewa, na bakteria wa botulini wanapenda mahali pa namna hiyo. Chuja, kisha hifadhi mafuta matupu. Kwenye friji yanakaa miezi sita bila shida. Nje, kwa joto letu la mchana, tengeneza kiasi cha kumaliza ndani ya wiki chache.

Jikoni

Mafuta haya huanza kutoa moshi karibu na nyuzi 190. Mandazi na muhogo vinakaangwa kwa 170 hadi 180. Nafasi iliyobaki ni ndogo, na sigiri haina kitufe cha kupunguza moto. Yakitoa moshi yamekwisha kuvunjika, na kila yanapotumika tena moshi unaanza mapema zaidi. Kwa kukaanga mafuta mengi siyapendekezi, si kwa sababu ya ladha, bali kwa sababu ni vigumu kujua umekula kiasi gani. Ukikaanga hata hivyo, pima mafuta kabla na baada. Kilichopungua kimeingia kwenye muhogo, na utashangaa.

Mahali yanapong'aa ni kwenye unga. Kwa chapati: unga wa ngano gramu 500, chumvi kijiko cha chai, mafuta ya nguruwe vijiko vikubwa 3 vya kusawazisha, maji ya uvuguvugu mililita 280 hivi. Sugua mafuta kwenye unga kwa vidole mpaka uwe kama makombo, ndipo utie maji. Yaliyoganda hayatiririki kama ya maji. Yanakaa kwenye tabaka na kuzitenganisha, ndiyo maana chapati inafunguka. Mchana wa joto yanakuwa laini mno na tabaka hazishiki, kwa hiyo yaweke kwenye maji baridi nusu saa kwanza. Unga huo unatoa chapati 6, na kila moja ina gramu 6.5 za mafuta ya ndani: kilokalori 59, yaliyoshiba gramu 2.5. Yale ya kupaka kikaangoni hesabu pembeni. Ukiikunja iwe roleksi na mayai mawili, ongeza pia mafuta ya mayai.

Kwa maharage ya watu wanne, kijiko kimoja kikubwa kinatosha: kila mtu anapata gramu 3 na kidogo, yaliyoshiba gramu 1.3. Kwa dodo na nakati ni vilevile. Kwenye mchuzi wa binyebwa usitie kabisa. Karanga zenyewe karibu nusu yake ni mafuta.

Kwenye uji wa mtoto, kijiko kimoja cha chai kinaongeza kama kilokalori 38 bila kuongeza ujazo, na tumbo dogo linafaidika. Ila mafuta ya chupa yaliyoongezwa vitamini A yanaongeza nishati hiyohiyo na vitamini juu yake, kwa hiyo kwa mtoto ningechagua hayo.

Mwenye mawe kwenye nyongo, au aliyewahi kuumwa kongosho, apime mafuta yote kwa ushauri wa daktari, si haya tu. Na kama unauza chapati au unapikia wageni, waambie. Waislamu na Wasabato hawali, na chapati haioneshi ilichotiwa. Tenga kikaango na kopo lake, uandike juu.

Jambo la mwisho ni la wanaofuga. Moto wa kuyeyushia unaua mabuu ya tegu na virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika, lakini maji uliyooshea shahamu mbichi na vipande ulivyokata na kuvitupa havikupita motoni. Virusi hivyo havimdhuru binadamu, ila vinasafiri kwenye nyama mbichi na kumaliza banda zima. Usimwage maji hayo kwenye chakula cha nguruwe wala karibu na banda. Chimba shimo, fukia, na unawe mikono na kisu kwa sabuni kabla ya kwenda kuwalisha.